Shajara ya kubomoa nyumba ya udongo, Ngamiani Tanga

Naandika kila hatua ikiisha, kwa ajili ya yeyote mwenye nyumba ya urithi anaetaka kuishusha ajenge upya na hajui pesa itaenda wapi. Nyumba yetu ipo Ngamiani, zile barabara za namba, nyumba ya Kiswahili ya kawaida kabisa: baraza mbele, ukumbi katikati unatoboa mpaka uani, vyumba vitatu huku vitatu huku, alafu uani jiko, bafu na choo. Ukubwa kama mita 12 kwa 9. Vyumba viwili vya mbele vilijengwa upya kwa tofali za simenti miaka ya 80, vingine vyote ni boriti na fito zimekandikwa udongo, juu wakapiga lipu ya chokaa na baadae simenti, kwahiyo ukipita nje unaapa ni nyumba ya tofali tupu. Bajeti tuliyokubaliana kwenye familia ni milioni 3. Fundi mkuu ni mzee mmoja anajenga nyumba hizi tangu ujana wake, na nashauri utafute mtu wa namna hiyo, maana anaejua ilivyosimamishwa ndo anajua itashukaje.

14 Juni 2025: makaratasi

Hii hatua haina nyundo ila imekula muda kuliko zote. Nyumba ni ya marehemu bibi, kwahiyo kwanza msimamizi wa mirathi, na huyo ni mama mkubwa, aliteuliwa mahakama ya mwanzo zamani kidogo, bila hiyo barua hakuna ofisi itakusikiliza. Alafu muhtasari wa kikao cha familia wenye sahihi za warithi wote. Mjomba yupo Maskati, sahihi yake ilichelewa sababu alikua na sharti, mlango wa mbele usiuzwe. Likakubaliwa, likaandikwa kwenye muhtasari, kazi ikaendelea. Kama una mjomba wa hivyo muulize mapema.

Baada ya hapo barua ya serikali ya mtaa, maombi ya kibali cha kubomoa halmashauri ya jiji (sisi tuliomba pamoja na kibali cha kujenga, na ramani ya nyumba mpya), mkaguzi akaja kuangalia majirani wako karibu kiasi gani. Toka ghorofa lile la Kariakoo liporomoke Novemba 2024 watu wakiskia neno kubomoa wanauliza maswali, na wana haki.

Maji tulikata kwenye mita na bomba likazibwa kabisa, sio kufunga koki tu. Umeme tuliomba mita itolewe rasmi. Kumbuka pia kodi ya jengo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla), kwahiyo mita ikiachwa kwenye nyumba ambayo haipo utakuja kuwa na maelezo mengi ya kutoa.

Gharama ya hatua hii pamoja na mchoro na injinia: 320,000.

5 Julai: vya ndani, na waya wa ajabu

Milango na fremu za vyumbani ni mvule, zimetoka nzima. Ukitaka fremu itoke nzima usiivute, chimba lipu pembeni kwa tindo mpaka uone zile misumari ilioshika ukuta, kata kwa msumeno wa chuma, fremu inatoka yenyewe kama droo. Vijana walianza kwa mtaimbo fremu ya kwanza ikapasuka, hapo mzee akawasimamisha. Milango ya ndani na fremu zake vimeuzwa 250,000 kwa jamaa wa fanicha. Wa mbele umefungwa kwenye turubai uko kwa mama mkubwa.

Sasa umeme. Mita imetoka, kila mtu anajua hakuna umeme, kijana anachimba lipu ukumbini anakuta bomba la waya, fundi umeme kwa tabia yake tu akaweka testa, inawaka! Ilikua laini ya jirani, inatoka kwake inapita juu ya ukuta wetu inaenda kwenye chumba chake cha uani, ilipitishwa enzi za bibi kwa ujirani mwema na hakuna alieikumbuka. Jirani mwenyewe alishangaa. Fundi akaihamishia upande wake siku hiyohiyo. Kwahiyo usiamini mita kutolewa, pima kila waya kabla hujaugusa, nyumba za kushikana zina siri.

19 Julai: paa la jiko, asbesto

Hapa naandika kirefu makusudi.

Paa la nyumba kubwa ni bati, ila jiko la uani lilikua limeezekwa yale mabati ya kijivu mazito, yenye mawimbi mapana. Vijana wanaita "bati za simenti". Ukigonga halilii kama bati, na ukiangalia pale lilipovunjika unaona nyuzinyuzi kama pamba chafu. Hiyo ni asbesto. Kwenye paa likiwa zima halina shida kubwa, shida ni ukilivunja, ukilikata au ukilisugua, unyuzi unaruka, hauonekani kwa macho, unaingia kwenye mapafu na hautoki. Ugonjwa wake unaweza kuja baada ya miaka 20 mpaka 40, ndo maana watu hawaogopi, aliebomoa leo haanguki leo.

Mpango wa vijana ulikua kupanda na nyundo, kuvunja vipande vishuke haraka. Mzee nae hakuona ubaya, amefanya hivyo maisha yake yote. Tukabishana kidogo kwa adabu. Mwisho tukafanya hivi:

Kwanza tuliloweka paa lote kwa maji yaliyotiwa sabuni kidogo, kwa pampu ya kupulizia dawa ya shambani, maji peke yake yanateleza hayaingii. Barakoa tulinunua zile ngumu za FFP3 (zinazochuja vumbi laini kabisa), za kitambaa na zile za hospitali za bluu hazizuii kitu hapa. Boliti zote zilikua na kutu hazifunguki, kijana mmoja akaleta grenda, hapana kabisa, grenda ndo inapeperusha vumbi lote. Tukakata kwa mkasi mkubwa wa chuma, ule wa kukatia nondo. Hakuna aliekanyaga bati moja kwa moja, hizi zinapasuka ghafla na mtu anapitiliza mpaka chini, tuliweka mbao ndefu juu ya papi (mbao zinazobeba bati) watu wakatembea hapo. Kila bati lilipokelewa na watu wawili, likalazwa kwenye nailoni nene.

Moja lilivunjika, lilikua na ufa toka zamani. Tukalilowesha tena, vipande vikaokotwa kwa mkono wenye glavu, udongo wa juu pale chini ukakwanguliwa ukaingia mfuko huohuo. Kufagia kavu marufuku. Nguo za siku ile hazikwenda nyumbani kwa mtu, tulinunua za mtumba za bei ya chini zikaingia kwenye furushi na barakoa.

Sasa yamefungwa nailoni mbili mbili na utepe mpana, yameandikwa kwa rangi nyekundu, yapo kona ya kiwanja. Hii ni taka hatarishi kisheria, dampo la kawaida haliendi, na anaebeba anatakiwa awe na kibali cha mambo hayo. Afisa mazingira ameandikiwa. Mtu mmoja alipita akaomba tumpe aezekee banda la kuku. Nimekataa, nae ameniona mchoyo.

Barakoa, nailoni, glavu, utepe wa kuzuia watu, turubai na vikorokoro vingine: 260,000 kwa mradi wote.

26 Julai: paa kubwa limeshuka, haraka mno

Mnunuzi wa bati za zamani alikuja na ofa inayovutia, 390,000 kwa bati zote na anashusha mwenyewe na vijana wake. Mzee alikua amesafiri msibani Pangani. Tukakubali. Wale vijana ni wepesi, mpaka jioni bati zimeisha, kenchi (fremu za mbao za paa) zimeisha, na zile mbao zilizolala juu ya kuta wamezing'oa pia wakazipanga vizuri kabisa pembeni. Tulifurahi kweli.

Usiku ukuta wa ukumbi, ule wa upande wa kulia, ukaanza kuegama.

Mzee aliporudi hata shikamoo yangu aliitikia akiwa anaangalia juu. Akachukua mtaimbo akachoma chini ya ukuta, kule boriti zinapoingia ardhini, mtaimbo ukaingia kama kwenye unga. Mchwa wamekula miguu ya boriti karibu zote. Juu boriti ni ngumu ya mikoko, huwezi hata kupiga msumari, ila sentimita 30 za chini hakuna kitu. "Mjukuu wangu, ukuta huu haukushika paa, paa ndo lilikua limeushika," akasema. Yani zile mbao za juu zilikua zinafunga kuta zisiachane, na lipu ya simenti inabeba kilichobaki. Ukishatoa kofia yote kwa pamoja, una kuta za mita 2.7 zimesimama kwa mazoea.

2 Agosti: kurekebisha, na namna ya kushusha ukuta wa udongo

Mirunda (miti ya kuegemezea) ilikodiwa, kila ukuta wa ndani ukawekewa mihimili ya mshazari pande zote mbili, na juu mbao zikarudishwa kufunga ukuta na ukuta mwenzie. Yani tumelipa watu kurudisha mbao zilezile tulizofurahia kuzitoa. Kwa anaefuata: toa paa chumba kwa chumba, toa bati na kenchi za chumba kimoja, shusha kuta zake, alafu ndo uende kingine, vyumba visivyoguswa viendelee kubeba paa lao.

Kushusha kwenyewe sio kupiga nyundo. Vijana walitaka kukata ukuta chini wausukume uanguke mzima, wanasema ndo raha yake. Ukuta wa udongo haujui upande wa kuangukia, na wetu ulikua na jirani. Tulianza juu: unatoa lipu kwanza, unakata kamba na waya zilizofunga fito, fito moja moja zinatoka, udongo unamwagika wenyewe chini bila ugomvi, zinabaki boriti zimesimama kama uzio, unazing'oa moja moja. Lipu ya simenti ndo iliyosumbua, inashuka mapande makubwa kwa ghafla, bora uipasue vipande vidogo.

Vumbi lilikua kubwa, tukamwaga maji, na hapo tukajifunza jambo jingine, maji mengi kwenye udongo wa kukandika unapata tope ambalo toroli halipandi. Nyunyiza, usimwage.

Misumari. Kila mbao ina misumari ya enzi na enzi, kijana mmoja alikanyaga ikapita kwenye ndala, tukaenda zahanati akachomwa ya pepopunda. Kuanzia hapo ndala haziingii kiwanjani, na mbao ikitua chini inang'olewa misumari kabla haijapangwa.

Boriti zilizokatwa mwisho uliooza zimenunuliwa vizuri sana, na mbao za kenchi, jumla 310,000. Nilidhani ni kuni.

16 Agosti: ukuta wa jirani

Tulivyotoa lipu upande wa kaskazini tukakuta vichwa vya mbao vinatokeza ndani ya ukuta wetu. Sio zetu. Ni za paa la jiko la jirani, limelala juu ya ukuta wetu, yeye upande wake hana ukuta kabisa, ana lipu tu juu ya huu wetu. Kwenye ramani zote mbili inaonyesha kila mtu na ukuta wake.

Pangekua na kijiko (mashine ya kuchimbia) siku ile tungeshusha na jiko la watu, na wakati huo bibi wa jirani anapika.

Kulikua na njia tatu. Kuuacha ukuta, lakini ni wa udongo na miguu imeliwa, na nyumba mpya ingekosa nafasi. Kumwambia jirani ajijengee, na hapo familia iligawanyika, wengine walisema ukuta ni wetu na ardhi yetu. Mama mkubwa alimaliza kikao kwa kusema huyo bibi ndie aliemuosha marehemu mama yake, na hakuna aliejibu. Tumemjengea. Mirunda ilisimamishwa ndani ya jiko lake kubeba paa, ikachimbwa njia nyembamba upande wake, msingi, tofali za inchi 6, nguzo ndogo mbili za zege, mbao zake zikalazwa juu ya ukuta mpya, tukasubiri simenti ishike vizuri, ndo tukaushusha wetu kwa mkono, pole pole. Jumla 540,000 haikuwepo kwenye bajeti, na tumeandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba ule ukuta sasa ni wake na umesimama kwake.

Nyumba za Ngamiani nyingi zimebanana hivi, kwahiyo toa lipu ya kuta zote za mpakani kabla hujaita mashine yoyote.

30 Agosti: kijiko, na shimo

Vyumba vya mbele vya tofali, jamvi (sakafu ya zege) na msingi vilihitaji kijiko. Mkono unaweza ila utalipa vibarua mpaka ukome. Kuta za tofali zilishuka asubuhi moja, dereva anajua kazi, anabana ukuta anauvutia ndani ya kiwanja sio kuusukuma barabarani. Nondo za linta zikakatwa, zikaenda na madirisha ya grili kwa watu wa skrepa, 145,000 vyote.

Mchana kijiko kilirudi uani kung'oa jamvi la bafu. Babu mmoja wa nyumba ya pili alikua amekaa barazani kwake toka asubuhi anatuangalia, akaja na bakora yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hicho chombo mbona kimeegeshwa juu ya choo?"

Choo tunachokijua sisi kiko kona nyingine. Kumbe kuna cha kabla ya hicho, kilijaa zamani, wakalaza boriti juu, wakafukia udongo, wakasahau. Dereva alirudisha nyuma taratibu sana bila kugeuza. Tukachoma na mtaimbo mrefu, nusu mita chini unasikia uwazi. Boriti za kufunika nazo zimeliwa na mchwa, zilibaki chache tu.

Kabla ya mashine kuingia uani popote, choma ardhi kwa mtaimbo kila hatua moja, sehemu zinazolia tupu ziwekee alama, na waulize wazee wa jirani choo cha kwanza kilikua wapi. Karibu kila uani wa zamani una mashimo zaidi ya moja.

La zamani lilikua kavu. La sasa lilinyonywa na gari la majitaka, 200,000 sababu walirudi mara ya pili. Kuta za juu za mashimo tumezivunja, tumejaza mawe na vipande vya tofali chini, juu udongo, kwa tabaka za kama sentimita 20, kila tabaka linamwagiwa maji kidogo na kushindiliwa. Ukijaza yote kwa mpigo juu inaonekana sawa, mvua za vuli zikija inadidimia. Hata hivyo injinia amesema msingi wa nyumba mpya usipite hapo, kwahiyo choo kipya kimesogea na ramani imerekebishwa kidogo.

Kijiko: 650,000 na mafuta ndani.

13 Septemba: kifusi

Wiki ya Maulidi kazi ilisimama, baada ya hapo tukahamisha kifusi, na hapa hesabu ilikataa vibaya.

Mwanzoni tulipiga hivi: kuta zote ukizinyoosha zinafika kama mita 80, urefu wa kwenda juu 2.7, unene robo mita, inakuja meta za ujazo 54, toa milango na madirisha inabaki 46 hivi. Fuso tipa inabeba 5. Ikaandikwa tripu tisa, tukasonga mbele. Ukuta uliosimama umeshindiliwa, ukiuvunja unajaa hewa, 46 inakua karibu 70. Jamvi halikuhesabiwa, vya uani havikuhesabiwa. Tripu zikawa mara mbili na zaidi, kwa 60,000 kila moja jumla ikafika 1,140,000. Ukipiga hesabu zako chukua ujazo wa kuta zidisha kwa moja na nusu, alafu ongeza jamvi.

Ingekua mbaya zaidi kama tusingetenganisha. Vipande vya tofali na zege visafi watu wanavitaka kujazia viwanja, wengine walikuja na guta zao wakachukua bure, tripu hizo hatukulipa. Udongo wa kukandika uliochanganyika na chokaa, nailoni, nguo na fito ndo hakuna anaeutaka, huo ndo uliokula hela. Tenganisha toka siku ya kwanza, rundo tatu, maana kijiko kikishachanganya haviachani tena. Na muulize dereva wa tipa anamwaga wapi, mmoja alitaka kumwaga kwenye mtaro wa maji ya mvua mtaa wa jirani, tulimfuata kwa bodaboda.

20 Septemba: hesabu mpaka sasa

Imetoka: makaratasi 320,000, vifaa 260,000, vibarua na fundi pamoja na mirunda 1,900,000, ukuta wa jirani 540,000, kijiko 650,000, majitaka 200,000, kifusi 1,140,000. Jumla 5,010,000.

Imeingia: bati 390,000, boriti na mbao 310,000, milango 250,000, skrepa 145,000. Jumla 1,095,000.

Kwahiyo mfukoni kwetu imetoka 3,915,000 dhidi ya ile milioni 3. Vibarua niliwalipa kwa hatua, sio kwa siku, paa bei yake, kuta bei yake, siku za mwanzo nilijaribu kwa siku na kazi ilikua inatambaa.

Kiwanja kimesawazishwa, mambo (vigingi) za msingi mpya zinapigwa wiki ijayo kabla vuli haijaanza. Furushi la asbesto bado lipo kona, limefunikwa, afisa mazingira amesema anatafuta mzoaji mwenye kibali ambae anakusanya na ya watu wengine ili gari lijae. Mwenye mabati hayo Tanga au Muheza aniambie tuchangie usafiri. Bei ikijulikana naiandika hapa chini.